Mchanga Uliorudi Chini ya Maji

Mji wa Kisangani umekaa mahali ambapo mwamba unakoma na mchanga unaanza. Juu ya mji, kwa masafa ya kilomita 100 hivi, Mto Kongo unashuka maporomoko saba ya Boyoma, na hapo Wagenia, tangu zama za mababu zao, husimika nguzo katika matundu ya mawe na kutundika mitego yao mikubwa. Ilhali chini ya mji mto huo huo unatanda kwa kilomita 1,700 hivi hadi Kinshasa, ukipita juu ya mafungu ya mchanga yasiyotulia, hata manahodha wa meli za mto iliwapasa kuweka watu gubetini, wenye miti mirefu mikononi, wapime kina cha maji saa baada ya saa. Sisi wa mtaa wa Mangobo tumeujua mchanga huo zaidi katika kuta za nyumba zetu, na fundi anayeijua kazi yake haukubali kabla ya kuufikicha kiganjani: ukimwachia tope, huukataa. Basi nimeona inafaa kuandika habari za wafugaji wa viumbe vya majini, ambao kwa muda mrefu walijaza matangi yao kokoto bila kufanya uchunguzi kama huo.

Desturi ya kufuga samaki katika vioo ili watu wawatazame ilipata nguvu mwaka 1853, Bustani ya Wanyama ya London ilipofungua nyumba yake ya samaki. Mwaka 1864, majeshi ya Ufaransa yakiwa Meksiko, aksolotli 34 waliwasili Paris, na sita kati yao, madume matano na jike mmoja, wakakabidhiwa mwanachuoni Auguste Duméril. Mnyama huyu ni salamanda wa ziwa la Xochimilco, ambaye hukua na kuzaa akiwa bado na matamvua yake ya utotoni, yaliyochanua nje ya shingo. Mwaka uliofuata wakazaana, na baadhi ya watoto, kwa mshangao wa wataalamu, wakapoteza matamvua na kutoka nchi kavu. Kizazi cha wale sita kikaenea katika maabara za Ulaya, na baadaye kikaingia majumbani mwa watu.

Afrika kusini ya Sahara haina salamanda hata mmoja, lakini haikukosa sura ile. Watoto wa kamongo huzaliwa na matamvua ya nje, na kadhalika watoto wa Polypterus, samaki wa kale mwenye safu ya mapezi madogo mgongoni, ambaye jamaa zake kadhaa wanaishi katika Mto Kongo wetu. Mwingereza John Samuel Budgett alisafiri Afrika mara nne akiyatafuta mayai ya Polypterus. Aliyapata upande wa Mto Niger mwaka 1903, akarejea kwao, na Januari 1904 akafariki kwa homa kabla ya kuandika aliyoyaona, kazi ambayo rafiki yake Graham Kerr aliikamilisha. Katika taarikhi yote ya elimu ya samaki wa Afrika sijui habari inayonigusa kuliko hii.

Turudi kwenye sakafu ya tangi. Kokoto zilitawala, hususa baada ya Vita Vikuu vya Pili, kwa sababu lilienea chujio linalowekwa chini ya sakafu na kuvuta maji kupitia katikati ya mawe. Mchanga laini ungeliziba. Kwa hiyo kokoto zilichaguliwa kwa ajili ya mtambo, na mnyama akalazimika kuishi juu yake. Samaki wengi walistahimili. Aksolotli hakustahimili, kwa kuwa hali kwa kutafuna: hukaribia mnyoo polepole, hutulia, kisha hufumbua kinywa kwa ghafula, na maji yakakimbilia ndani pamoja na mnyoo na chochote kilicho kando yake. Jiwe linaloenea kinywani humezwa, na likishindwa kupita matumboni, huua.

Mchanga ulirejea kwa njia zaidi ya moja, na mojawapo ilipita kwetu Afrika. Pierre Brichard, ambaye mtaalamu wa samaki Max Poll alimheshimu mwaka 1959 kwa kumpa samaki wa maporomoko ya Kongo jina la Teleogramma brichardi, alifanya biashara ya kusafirisha samaki hai kutoka Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1970, akiwa Bujumbura. Miongoni mwa samaki wa ziwa hilo wamo wanaochota mchanga mdomoni na kuuchekecha matamvuani ili wapate chakula, na wengine wanaofukia makombe ya konokono na kuyafanya nyumba. Hao huwezi kuwaweka juu ya kokoto ukasema umewafuga.

Mchanga wa kumfaa aksolotli uwe laini, chembe zake zisizidi milimita moja, usiwe na ncha kali. Hutiwa ndooni, hukorogwa kwa mkono, maji ya tope yakamwagwa, kisha tena na tena mpaka yabaki meupe. Mchanga wa fukwe za Unguja, uliosagika kutoka matumbawe, hutoa mapovu ukitiwa siki, kwa maana una chokaa, nayo hubadili maji. Kina cha sentimita mbili au tatu chatosha; ukizidi, chini hujaa hewa yenye harufu ya mayai viza, na ndiyo sababu hupekuliwa kwa vidole kila wiki. Kinyesi hubaki juu, hivyo huondolewa upesi kwa mpira wa kunyonyea maji, ilhali katika kokoto hujificha na kuoza. Watoto wasiofika sentimita 12 waachwe kwenye kioo kitupu.

Hata hivyo, simshauri jirani yangu wa Mangobo amfuge aksolotli. Mnyama huyo anataka maji ya nyuzi 16 hadi 18, naye huanza kutaabika yakikaribia 24, wakati hapa kwetu, karibu kabisa na mstari wa ikweta, maji ya ndoo iliyowekwa kivulini huzipita nyuzi hizo. Polypterus amezoea joto hili, naye pia hupenda kulala chini ya maji. Jirani amtandikie huyo mchanga wa mto uliooshwa vizuri, na afunike tangi, kwa kuwa samaki huyo hutoka.