Daraja Kuukuu la London na Mfuko Wake

Daraja la mawe lililovuka mto Thames jijini London lilikamilika mwaka 1209, na watu waliendelea kulipita hadi 1831. Katika miaka hiyo 622 walitawala na kuzikwa wafalme na malkia zaidi ya ishirini. Leo halipo. Wengi husikia kwamba Daraja la London liliuzwa Marekani wakadhani ndilo hili. Lililouzwa mwaka 1968 na kujengwa upya Lake Havasu City, Arizona, ni lile lililolirithi. Hili kuukuu lilibomolewa jiwe kwa jiwe, na linastahili kukumbukwa kwa haki yake lenyewe.

Aliyeanza kulijenga ni padri, Peter wa Colechurch, mwaka 1176. Madaraja ya mbao yaliyotangulia yalikuwa yameungua au kuchukuliwa na maji, naye akaamua kutumia mawe katika mto ambao maji yake hujaa na kupwa kila siku kama ya bahari. Mafundi walisubiri maji yapwe, wakapigilia magogo kwenye kitanda cha mto hadi yakawa uzio, kisha wakajaza kifusi ndani. Juu ya visiwa hivyo vya kubuni wakasimamisha nguzo 19 na kuziunganisha kwa matao. Kazi ilichukua miaka 33. Padri Peter alifariki mwaka 1205 kabla ya kuona mwisho wake, akazikwa darajani hapohapo, ndani ya kanisa dogo la Mtakatifu Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury na mzaliwa wa London aliyeuawa mwaka 1170.

Juu ya daraja pakawa mtaa kamili. Nyumba na maduka vilibanana pande zote mbili, na katikati ikabaki njia nyembamba ya mikokoteni, mifugo na watembea kwa miguu. Pango la nyumba hizo lilisaidia kulitunza daraja. Lakini palikuwa pia mahali pa kutisha. Moto wa mwaka 1212 uliua watu wengi waliokwama katikati. Kuanzia kichwa cha William Wallace wa Uskoti, mwaka 1305, vichwa vya walioitwa wahaini vilichomekwa juu ya lango lake. Cha Thomas More kilifika huko mwaka 1535. Na mwaka 1666, jiji lilipoteketea, moto uliingia darajani upande wa kaskazini ukakomea kwenye uwazi ulioachwa na moto mwingine wa 1633. Upande wa kusini, Southwark, ukanusurika.

Visiwa vile vya magogo viliziba zaidi ya nusu ya upana wa mto. Maji yalipokuwa yakipwa, upande wa juu ulizidi wa chini kwa karibu mita mbili, na mto ukaporomoka kati ya nguzo kwa kishindo. Abiria wenye busara walishuka mashuani, wakatembea hadi ng'ambo ya daraja na kupanda tena. Wasiosubiri, wengi walizama. Nguvu hiyohiyo ya maji ilizungusha magurudumu aliyoyafunga Peter Morice chini ya matao miaka ya 1580, yakasukuma maji hadi nyumba za jiji. Na kwa kuwa mto ulipunguzwa mwendo juu ya daraja, katika majira ya baridi kali uliganda kiasi cha watu kufanyia gulio juu ya barafu. Gulio la mwisho lilikuwa mwaka 1814.

Sababu iliyolifanya daraja hili lidumu, kwa maoni yangu, ilikuwa katika ofisi iliyoitwa Bridge House, kule Southwark. Wakazi wa London walikuwa wakitoa nyumba, viwanja na fedha kwa ajili ya daraja, na hati nyingi zilisema mali hiyo inatolewa kwa Mungu na kwa daraja. Ilikuwa wakfu katika maana tuijuayo sisi: mali isiyoliwa na mtu, mapato yake yakatunza kitu cha wote. Ubaya wa kuigusa ulionekana mapema. Mfalme Henry III alimpa mkewe, Malkia Eleanor, mapato ya daraja, na matengenezo yakasahauliwa. Katika majira ya baridi ya 1281 hadi 1282, barafu iliangusha matao matano. Mwaka 1282 Mfalme Edward I akatoa hati iliyoweka msingi wa uangalizi wa mali hiyo chini ya jiji.

Kati ya 1757 na 1762 nyumba zote ziliondolewa darajani. Mwaka 1759 nguzo moja ya katikati ilitolewa ili pawe na tao pana. Maji yakapita hapo kwa nguvu mpya na kuchimba misingi, ikabidi mawe ya malango ya jiji yaliyobomolewa yatupwe mtoni kuinusuru. Mwaka 1824 ujenzi wa daraja jipya, la mchoro wa John Rennie, ukaanza hatua chache juu ya mto, na Mfalme William IV akalifungua tarehe 1 Agosti 1831. Ubomoaji wa lile la kale ukafuata. Nalililia, lakini siwezi kusema waliolibomoa walikosea: liliua watu wengi mno waliopita chini yake.

Atakayefika London apite chini ya mnara wa kanisa la St Magnus the Martyr, kwani ndiyo iliyokuwa njia ya kuingilia darajani, kisha avitazame vibanda vya mawe vya daraja hilo vilivyohamishiwa Victoria Park.

Mfuko wa daraja haukubomolewa. Ndio uliogharimia Tower Bridge, lililofunguliwa mwaka 1894, na hadi leo unatunza madaraja matano ya Thames bila kumtoza mlipa kodi. Tangu 1995 umeruhusiwa kutoa ziada yake kusaidia wakazi wa London wenye shida, na sasa unaitwa City Bridge Foundation.