Safari Rally: Ubabe wa Mehta haujapata wa kuufikia

Mbio za magari za Safari Rally ziliporejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota ilishika usukani na haikuuachia hadi 2025. Sébastien Ogier wa Ufaransa alishinda 2021 na 2023, Kalle Rovanperä wa Finland akatwaa 2022 na 2024, kisha ikawa zamu ya Elfyn Evans wa Wales mwaka 2025. Katika mashindano ya 2022 na 2023, nafasi zote nne za mwanzo zilikwenda kwa magari ya Toyota. Kijana aliyeyaona hayo kule Naivasha, Kenya, ataapa kwamba ubabe wa namna hiyo haujawahi kutokea. Wazee watamjibu kwa jina moja tu: Shekhar Mehta.

Mbio hizi zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kushinda mara moja kulitosha kumpa dereva jina. Kurudia mwaka uliofuata ndiko kulikowashinda wengi. Vic Preston aliweza mwaka 1954 na 1955, Bill Fritschy 1959 na 1960, Bert Shankland wa Dar es Salaam akafanya hivyo 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na Edgar Herrmann 1970 na 1971 kwa Datsun. Baadaye Miki Biasion wa Italia alishinda na Lancia mwaka 1988 na 1989. Wote hao mfululizo wao uliishia mara mbili. Joginder Singh, kipenzi cha Wakenya, alishinda mara tatu, lakini kwa kuruka miaka: 1965, 1974 na 1976. Björn Waldegård wa Sweden alishinda mara nne kati ya 1977 na 1990, na hata yeye hakuwahi kuunganisha miaka miwili.

Sababu ilikuwa njia yenyewe. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na waliofika mwisho wakawa saba vilevile. Ajabu ni kwamba mshindi wa miaka yote miwili alikuwa mtu mmoja, Nick Nowicki.

Mehta alizaliwa Uganda. Mwaka 1972, Rais Idi Amin alipowafukuza Waasia nchini humo, yeye akiwa mmoja wao, alikimbilia Kenya. Mwaka uliofuata tu, akiendesha Datsun 240Z, alilingana alama za adhabu na Harry Källström wa Sweden, na kanuni ya kuamua sare ikampa ushindi. Wapo waliosema ni bahati. Aliwajibu barabarani: akiwa na mwelekezi wake Mike Doughty, alishinda 1979, 1980, 1981 na 1982, miaka minne bila kukatizwa.

Kazi aliyoifanya inaeleweka vyema ukitazama mashindano yenyewe yalivyokuwa. Njia ilikuwa kilomita 5,000 hivi, wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameanza kumwagika. Barabara hazikufungwa: mbele ya dereva aliye kasi angeweza kutokea lori, basi, ng'ombe au twiga. Gari lilifungwa vyuma vya kukinga wanyama na taa kubwa za usiku. Katika kila kituo, mwelekezi alikabidhi kadi igongwe muhuri wa saa, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa alama moja ya adhabu. Gari likinasa topeni, wanakijiji walilisukuma huku saa ikihesabu. Dereva hodari alijua wapi pa kukanyaga mafuta na wapi pa kulihurumia gari ili lifike.

Wako wanaompunguzia Mehta sifa. Wanasema alikuwa nyumbani, akizijua barabara kuliko wageni, na kweli mara zote tano aliposhinda katika ubingwa wa dunia ilikuwa kwenye Safari. Lakini wageni waliokuja hawakuwa wa kubeza. Mwaka 1979 aliyemaliza wa pili ni Hannu Mikkola, ambaye miaka saba nyuma alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Mwaka 1982 wa pili alikuwa Walter Röhrl, aliyemaliza msimu huohuo akiwa bingwa wa dunia. Na kama kuzijua barabara kungetosha, Joginder naye angeshinda mfululizo.

Safari ya leo ina ugumu wake. Vumbi la eneo la Kedong, laini kama unga, huziba injini, na mawe hupasua magurudumu. Thierry Neuville alikuwa akiongoza mwaka 2021 hadi siku ya mwisho, gari likaharibika akatoka mikono mitupu. Hata hivyo, sehemu za kupimana kasi ni kilomita kati ya 300 na 400, hufungwa kwa magari mengine, na mafundi hulikagua gari kila siku. Kasi ni kubwa zaidi, lakini mtihani ni mfupi.

Ubabe wa 2021 hadi 2025 ni wa kiwanda: magari yalibaki ya Toyota, madereva wakabadilishana. Ule wa Mehta ulikuwa wa mtu na mwelekezi wake. Mehta alifariki mwaka 2006, na hadi leo hakuna dereva mwingine wa Safari ya ubingwa wa dunia aliyeshinda hata mara tatu mfululizo, sembuse nne. Kwa hesabu hiyo, taji la ubabe bado ni lake.