Mafuta ya giaboksi: Mwenye gari kuukuu asisubiri gia ziteleze

GARI lenye gia za otomatiki likianza kuchelewa kuondoka kila linapowekwa D, wamiliki wengi hukimbilia kuulizia bei ya giaboksi iliyotumika. Mara nyingi kitu cha kwanza kinachostahili kuangaliwa kimesahaulika kwa miaka mingi, nacho ni mafuta ya giaboksi hiyo.

Oili ya injini hukumbukwa kwa sababu gereji humtundikia mteja kadi inayoonyesha kilomita za kurudi. Mafuta ya giaboksi hayana kadi. Gari lililoingizwa kutoka Japani likiwa limetumika miaka 10 au zaidi huweza kubadilisha wamiliki watatu jijini bila hata mmoja wao kujua mafuta hayo yalibadilishwa lini.

Mafuta hayo, ambayo baadhi ya mafundi na wenye maduka ya vipuri huyaita haidroliki, hufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Hulainisha meno ya gia, huondoa joto, husukuma kwa shinikizo klachi za ndani zinazobadilisha gia, na hupokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye giaboksi kupitia konveta. Yakipungua au kuchakaa, kazi zote hizo hudhoofika kwa pamoja.

Adui yao mkubwa ni joto. Gari linaloingia katika foleni ya Barabara ya Morogoro au Mandela jijini Dar es Salaam, likiondoka na kusimama kwa saa nzima, huyapasha mafuta hayo kuliko gari linalokwenda mwendo wa wastani katika njia isiyo na msongamano. Kadiri joto linavyozidi ndivyo mafuta yanavyochakaa mapema.

Jinsi ya kupima

Katika Toyota nyingi za zamani, kazi ya kupima haihitaji fundi. Gari huendeshwa kwanza kwa dakika 15 hadi 20 ili mafuta yapate moto, kisha husimamishwa mahali tambarare na kuvutwa breki ya mkono. Injini ikiwa inaunguruma polepole na mguu ukiwa juu ya breki, wenzo wa gia hupitishwa taratibu katika nafasi zote kuanzia P hadi L, halafu hurudishwa P.

Injini ikiwa bado inawaka, stiki ya kupimia huchomolewa, hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, hurudishwa hadi mwisho na kuchomolewa tena. Mafuta yanatakiwa kufika kati ya alama mbili za upande ulioandikwa HOT. Upande wa COLD ni wa makadirio tu, gari likiwa limepoa.

Utaratibu huu si wa magari yote. Honda nyingi hupimwa mara tu baada ya injini kuzimwa, na Mitsubishi nyingi hupimwa gia ikiwa N. Yapo pia magari yasiyo na stiki kabisa. Hayo hupimwa kwa kufungua bolti maalumu chini ya giaboksi huku joto la mafuta likifuatiliwa kwa kifaa, hivyo yaachiwe fundi mwenye kifaa hicho.

Rangi na harufu

Mafuta mapya ya aina nyingi ni mekundu na yanapenyeza mwanga. Yaliyotumika kwa muda hugeuka kuwa ya kahawia, na hilo peke yake si msiba bali ni ukumbusho kwamba wakati wa kuyabadilisha umewadia. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, klachi za ndani zimekwisha kuteleza na kuungua.

Hatari zaidi ni mafuta yenye rangi ya waridi iliyochanganyika na weupe kama maziwa. Hiyo ni dalili kwamba maji yameingia, kwa kawaida kutokana na kutoboka kwa kipoza mafuta kilichomo ndani ya rejeta. Gari la namna hiyo lisiendeshwe. Livutwe hadi gereji.

Kiwango kikiwa chini, mmiliki asijaze tu na kuondoka. Mafuta ya giaboksi hayaungui ndani ya injini kama petroli, hivyo yakipungua yapo mahali yanapovujia. Kujaza kupita kiasi nako ni kosa, kwa kuwa gia zinazozunguka huyachapa mafuta yakatoa povu, na povu haliwezi kutoa shinikizo linalotakiwa.

Aina sahihi

Wekundu si kipimo cha aina. Toyota za zamani zaidi hutumia Dexron II au III, nyingi zilizofuata hutumia Type T-IV, na za baadaye hutumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Magari ya CVT yana mafuta yake ya pekee. Jina sahihi hupatikana katika kitabu cha gari na mara nyingi limechongwa juu ya stiki yenyewe, jambo linalomsaidia mtu ambaye kitabu chake kimeandikwa Kijapani.

Kubadilisha

Bolti ya chini ikifunguliwa, hayatoki mafuta yote. Katika gari dogo hutoka takriban lita 3 hadi 4, na mengine hubaki ndani ya konveta. Ikiwa kila mara hutoka asilimia 40, kubadilisha mara moja huacha asilimia 60 ya mafuta ya zamani. Kurudia mara tatu, gari likiendeshwa kidogo katikati, hufikisha mapya karibu asilimia 78.

Mafuta yaliyotoka yapimwe, na yarudishwe kiasi kilekile. Ni vyema pia sampo ifunguliwe, chujio libadilishwe au lioshwe kulingana na aina yake, na gasketi mpya ifungwe. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku za sampo ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida.

Gari lisishikiliwe na jeki peke yake fundi akiwa chini, na mafuta ya moto huunguza. Yaliyotoka yasimwagwe mtaroni.

Wapo mafundi wanaoonya kwamba mafuta mapya huua giaboksi kuukuu. Onyo hilo lina chembe ya ukweli: klachi zikiwa zimekwisha, mafuta mapya hayawezi kuzirejesha, na kuyasukuma yote nje kwa mashine huweza kutibua uchafu uliotulia. Hata hivyo, giaboksi ambayo bado inabadilisha gia vizuri hufaidika na mabadiliko ya kidogo kidogo. Kwa matumizi ya foleni na joto, kila kilomita 40,000 hadi 60,000 ni kipimo cha busara, na tarehe iandikwe pamoja na ya oili ya injini.

Kwa anayekwenda kununua gari lililotumika, stiki hiyo hiyo ichomolewe kabla ya bei kukubaliwa. Mafuta yanayonuka kuungua ni sababu tosha ya kumwachia muuzaji gari lake.