Vishikwambi vya ruzuku

Kishikwambi cha ruzuku ni kishikwambi kinachomfikia mtumiaji bure au kwa bei iliyopunguzwa, kwa kuwa serikali, mfuko wa umma, shirika la hisani au kampuni imebeba gharama yake yote au sehemu yake. Ziko nchi ambako ruzuku hiyo hupewa kaya yenye kipato kidogo moja kwa moja. Tanzania haina mpango wa taifa wa namna hiyo. Njia zilizojaribiwa ni shule, nafuu ya kodi na mkopo wa dukani. Kwa mkazi wa Ipagala, kata ya Jiji la Dodoma iliyo upande wa barabara iendayo Dar es Salaam, kuzijua njia hizo ni kujua pa kuuliza na pa kutopoteza muda.

Sensa ya 2022 na vishikwambi vya walimu

Neno kishikwambi lilikuwapo kabla ya 2022, lakini lilizoeleka midomoni mwa watu wengi katika mwaka wa Sensa ya Watu na Makazi. Siku ya kuhesabiwa ilikuwa 23 Agosti 2022. Karani wa sensa alipiga hodi, akapewa kiti barazani, akauliza ni nani na nani waliolala katika kaya usiku wa kuamkia siku hiyo, na kila jibu akaligusa kwenye kioo cha kishikwambi badala ya kuliandika kwenye dodoso la karatasi. Matokeo yalitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022: watu 61,741,120.

Kazi hiyo ilipokwisha, vifaa vilivyotumika vilielekezwa kwenye elimu pamoja na vingine vilivyonunuliwa. Novemba 2022 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alizindua ugawaji wa vishikwambi 300,000, yaani 293,400 vya Tanzania Bara na 6,600 vya Zanzibar. Walengwa wakuu walikuwa walimu wa shule za umma. Huo ulikuwa mgao mkubwa wa vishikwambi, na kigezo chake kilikuwa kazi ya mpokeaji, si kipato chake. Mwalimu alipewa kitendea kazi cha kuandalia somo, kusomea mtaala na kutunzia kumbukumbu za darasa. Mtoto wa kaya maskini alinufaika kwa kadiri mwalimu wake alivyokitumia: picha ya moyo wa binadamu iliyoonyeshwa dawati kwa dawati, au sauti ya msomaji iliyosikilizwa na darasa zima.

Misaada kwa kaya maskini

Msaada mkuu kwa kaya zenye kipato kidogo hutolewa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanzishwa mwaka 2000. Mpango wake wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa 2012, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020 kwa lengo la kufikia vijiji, mitaa na shehia zote. Walengwa huibuliwa katika mkutano wa hadhara wa mtaa au kijiji, kisha taarifa za kaya huchukuliwa na kuhakikiwa. Wanachopata ni ruzuku ya fedha, nyongeza inayotegemea mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki, na ujira wa kazi za muda. Kishikwambi hakimo katika stahiki hizo. Kaya ikitaka kifaa hununua kwa akiba yake, baada ya unga, sare na daftari.

Taasisi iliyo karibu zaidi na suala la vifaa ni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioundwa kwa sheria ya 2006 na kuanza kazi 2009, wenye makao yake makuu Dodoma. Fedha zake hutokana kwa sehemu kubwa na michango ya kampuni za mawasiliano, na hutumika kupeleka minara mahali ambapo biashara pekee isingeifikisha. Mfuko huo pia hupeleka kompyuta katika shule za umma, pamoja na vifaa maalumu kwa wanafunzi wenye ulemavu, wakiwamo wasioona na wenye uoni hafifu. Hapa pia anayepokea ni shule. Mzazi wa mtoto mwenye uoni hafifu huanza kwa mwalimu mkuu na ofisi ya elimu ya halmashauri, kwa kuwa mahitaji ya shule hupitia huko.

Nafuu ya kodi

Njia nyingine ya kushusha bei ni kuondoa kodi. Katika bajeti ya 2021/22 Tanzania ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ikilenga watumiaji wa intaneti wafike asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2025. Kwa kiwango cha asilimia 18, kifaa chenye thamani ya shilingi 200,000 kabla ya kodi hufika 236,000 kodi inapoongezwa. Msamaha ulikuwa na maana ya kumwachia mnunuzi hizo 36,000. Sheria ya Fedha ya 2022 iliufuta msamaha huo baada ya mwaka mmoja.

Nafuu ya kodi ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, humpunguzia bei mwenye nacho na asiye nacho kwa kiwango kilekile. Pili, humfikia mnunuzi pale tu mwagizaji na mwenye duka wanapoishusha bei kwa kiasi kilichosamehewa. Msaada unaopitia bei huishia mahali bei inapopangwa.

Mkopo wa dukani

Wengi wasio na fedha taslimu hutumia utaratibu wa kulipa kidogo kidogo. Mteja hutoa kianzio, huondoka na kifaa, kisha hulipa kila siku au kila wiki kwa simu. Akichelewa, kifaa hufungwa kwa mbali mpaka alipe. Utaratibu huu hutangazwa kama nafuu, lakini si ruzuku, na hesabu yake ni ya kufanywa kabla ya kuweka sahihi. Kwa mfano, kianzio cha shilingi 50,000 na malipo ya 1,000 kwa siku kwa siku 365 hufanya jumla ya shilingi 415,000. Ikiwa kifaa hicho huuzwa taslimu kwa 250,000, tofauti ya 165,000 ndiyo gharama ya kutokuwa na fedha siku ya kununua.

Mifano ya nje ya Dodoma

Jaribio lililowafikia watoto moja kwa moja lilifanyika mkoani Tanga kati ya 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Vifaa vilitolewa na Google, na vijijini viliwekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Mei 2019 washindi, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10, na programu zilizofika fainali zikaachwa huru kwa yeyote kuzitumia. Tanga ilionyesha kwamba kifaa, chaji na somo katika lugha ya mtoto vinapaswa kupangwa pamoja.

Kenya ilichagua shule. Mpango wake wa elimu ya kidijiti, uliotokana na ahadi ya kampeni ya 2013 na kuanza kutekelezwa 2016, ulipeleka vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Vifaa vilibaki mali ya shule, vikitumika darasani.

Marekani, wanakoishi maelfu ya wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Afrika Mashariki na Kongo, ilikuwa na mpango ulioitwa Affordable Connectivity Program, ulioanza mwishoni mwa 2021. Kaya iliyokuwa tayari inapokea msaada wa chakula au wa matibabu ilistahili punguzo la bili ya intaneti kila mwezi, na punguzo la mara moja lisilozidi dola 100 kwa kishikwambi au kompyuta, mradi ichangie zaidi ya dola 10 na chini ya 50. Kaya zaidi ya milioni 23 zilijiandikisha. Fedha ziliisha, na mpango ukafungwa Juni 2024. Lifeline, mpango wa tangu 1985, unaendelea kupunguza bili, lakini haujumuishi ununuzi wa kishikwambi.

Kujihadhari

Uhaba wa vifaa vya bure huwapa matapeli nafasi. Alama ya kwanza ya ulaghai ni ombi la kutuma fedha ya usajili au ya usafiri ili mtu apokee kifaa cha bure. Ujumbe wa namna hiyo huripotiwa kwa kuutuma kwenda namba 15040. Kifaa cha mkononi nacho hukaguliwa: chenye laini ya simu huonyesha namba yake ya utambulisho kwa kubonyeza *#06#, na namba hiyo ikitumwa kwa ujumbe kwenda 15090, jibu hueleza aina ya kifaa. Lisipolingana na kilichoandikwa mgongoni, kuna shaka. Ukaguzi huu una uzito, kwani Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchi nzima.

Gharama baada ya kukipata

Kishikwambi cha bure bado hudai umeme, bando, kava na fundi. Kioo kikipasuka, matengenezo yanaweza kukaribia bei ya kifaa kilichotumika. Bando ndilo gharama isiyokoma, na hupungua pale maudhui yanapopakuliwa mara moja na kusomwa bila mtandao. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomwa bure. Mwalimu anayepakua kitabu mahali penye mtandao na kukifungua darasani ameliondolea darasa zima gharama ya bando kwa somo hilo.