Maharage Yalivyomshtua Daktari wa Jicho Moja

Asubuhi Bagamoyo, mama mmoja anauza mbaazi za nazi na maandazi. Vijana wanampita, wanaenda kusubiri chips mayai. Mbaazi, wanasema, msosi wa watu waliofulia. Tena zinajaza gesi, utaaibika kwenye daladala!

Sasa sikia hii. Mwaka 1946 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alihamia Uganda. Jamaa alikuwa na jicho moja tu, lingine lilipotea akiwa mtoto. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda Ford chakavu, wakapita Tanganyika hadi Afrika Kusini, maili kama 10,000, wakifuatilia uvimbe wa taya kwa watoto. Saratani hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Ila kuna jambo lingine lilimsumbua. Saratani ya utumbo mpana ilikuwa inaua wengi Ulaya na Marekani, lakini hospitali za Afrika zilikuwa haziioni sana. Kwa nini? Burkitt akauliza swali ambalo wengi wanalionea aibu: choo cha watu wa kijijini kikoje? Akakuta ni kingi, laini, na kinatoka mapema. Mwaka 1971 akaandika kwamba siri ni nyuzinyuzi kwenye chakula.

Wanasayansi waliofuata wakaona zaidi. Nyuzinyuzi za maharage, kunde na mbaazi hazisagwi tumboni. Zinafika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, inatoka gesi (ndiyo hiyo!) pamoja na asidi inayoitwa butirati, ambayo ni chakula cha seli za utumbo. Maabara imeonyesha butirati inazibana seli za saratani.

Mwaka 2015 ikachapishwa kali zaidi. Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili tu. Kwa Wamarekani butirati ikapanda mara 2.5. Kwa wanakijiji ikashuka nusu.

Wiki mbili! Mjini watu wanakula chips miaka kumi, na siku hizi madaktari wa Dar wanaona wagonjwa wengi zaidi wa saratani hii.

Maharage si dawa, na hayamkingi mtu kwa asilimia 100. Ukiona damu chooni, acha aibu, wahi hospitali. Ila kesho usimpite yule mama. Wewe mara ya mwisho kula mbaazi ni lini?