Baraza la Wote na Matuta ya Uluguru

Msafiri ashukaye katika kituo cha mabasi cha Msamvu, mahali zikutanapo njia za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, huiona milima ya Uluguru imesimama upande wa kusini. Katika miteremko hiyo liliwahi kuzuka shauri zito: je, jambo liwahusulo watu wote liamuliwe na watu wenyewe barazani, au na wachache walio juu yao?

Hapo kale Waluguru hawakuwa na mfalme mmoja. Ardhi ilikuwa ya ukoo, nao ukoo ulifuatwa kwa upande wa mama. Mkuu wake aligawa mashamba kwa kushauriana na jamaa zake. Waingereza, waliotaka kutawala kwa mkono wa wenyeji, wakamtambua sultani mmoja juu ya wote. Kisha, baada ya Vita Kuu ya Pili, ukaletwa mpango wa kuhifadhi ardhi, na watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi milimani ili mvua isichukue udongo. Nia haikuwa mbaya. Ila wenye majembe hawakuulizwa. Kumbe udongo wenye rutuba ulikuwa mwembamba, na kuchimba kule kuliufukia, kukafunua udongo wa chini usiozaa. Sultani Sabu bin Sabu alijikuta kati ya serikali na watu wake. Mwezi wa Julai 1955, huko Matombo, ghasia zilitokea, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Amri ya matuta haikusimama tena.

Hapo ndipo ionekanapo faida ya baraza la wote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lau wakulima wangalisikilizwa mapema, kasoro ya matuta ingalijulikana kabla ya damu kumwagika.

Hata hivyo, baraza nalo lina upungufu wake. Maji ya Uluguru huingia mto Ruvu, ambao wakazi wa Dar es Salaam huutegemea kwa maji yao. Wanakijiji wakikubaliana kwa sauti moja kufyeka msitu, watu wa bondeni hudhurika bila ya kuwa na kauli. Tena, si kila aliye na haki ya kusema husema: mwenye sauti kubwa humnyamazisha mnyonge, na mwenye kibarua hakosi udhuru. Hata Athene ya kale, isifiwayo kwa mikutano yake, iliwafungia nje wanawake na watumwa.

Sheria za Tanzania zimejaribu kuyapatanisha mambo hayo. Sheria ya mwaka 1982 iliupa Mkutano Mkuu wa Kijiji nafasi kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na ile ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 yaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Msamvu, palipo mjini, wakazi humchagua mwenyekiti wa mtaa, lakini mambo makubwa huamuliwa na madiwani wa manispaa.

Basi, wanaobeba mzigo wa amri hawana budi kuulizwa kwanza. Na pale uamuzi wao uteremkapo pamoja na maji hadi kwa wengine, yafaa wengine hao nao wawe na mjumbe wa kuwasemea.