Mgeni Asiyeng'oka

Mwaka 1828 Sir John Dalyell alimtoa anemoni mmoja kwenye mawe ya pwani ya Scotland, akamweka ndani ya chombo cha maji ya bahari. Mnyama huyo, ua kwa sura lakini mla nyama kwa tabia, aliishi kuliko Dalyell mwenyewe na watunzaji kadhaa waliomfuata. Edinburgh walimwita Granny, yaani nyanya. Alikufa mwaka 1887.

Enzi hizo anemoni alikuwa mgeni wa heshima. Philip Henry Gosse alipochapisha The Aquarium mwaka 1854, Waingereza walishikwa na wazimu wa kufuga viumbe wa bahari sebuleni, na anemoni alipendwa kwa sababu hafi ovyo.

Ugumu huohuo ndio uliomfanya ndugu yake, aiptasia, awe balaa. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza namna ya kufuga matumbawe kwa kutumia mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe vyake. Mwaka 1986 makala za George Smit zikawatia Wamarekani hamu ya kuwa na mwamba mzima nyumbani. Mawe yakanunuliwa, na aiptasia akaja nayo, amejibanza kwenye nyufa. Huwachoma matumbawe jirani. Ukimkwangua, kipande kinachobaki huota mwingine. Ukidhani umemaliza, kumbe umepanda.

Basi watu wakamtafutia adui. Kitatange mwenye mdomo mrefu akajaribiwa: mmoja humla, mwingine hata hamtazami. Akaja kamba mdogo wa mistari myekundu, wa jenasi Lysmata. Mwaka 2004 Andrew Rhyne na wenzake walichapisha majaribio ya kumtumia kamba huyo. Miaka miwili baadaye ikaonyeshwa kwamba jina wurdemanni lilikuwa limefunika zaidi ya spishi moja. Na madukani kulikuwa na kamba mwingine wa kufanana naye, Rhynchocinetes, ambaye hula matumbawe yenyewe. Ukikosea kamba, umemfungulia mwizi mlango.

Mlaji hodari kuliko wote ni koa wa bahari, Berghia. Kwa miaka mingi yule wa Florida aliitwa kwa jina la binamu yake, hadi mwaka 2005 alipopewa jina lake, stephanieae. Chakula chake ni aiptasia tu, na sumu ya windo lake huihamishia mgongoni iwe silaha yake. Lakini akimaliza kazi, hufa njaa. Ndiyo maana wafugaji humhamisha kutoka tangi moja hadi jingine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aiptasia naye amepewa lake. Hubeba mwani mwilini kama yafanyavyo matumbawe, na hufugika kirahisi, kwa hiyo wanasayansi humtumia kuchunguza kwa nini matumbawe hupauka maji yakipata joto. Mwaka 2015 jenomu yake ilichapishwa. Sisi tunaokumbuka mwaka 1998, matumbawe ya pwani ya Kenya yalipogeuka meupe na mengi kufa, jambo hilo linatuhusu. Mnyama aliyetafutiwa maadui pande zote huenda akatufundisha namna ya kuyanusuru matumbawe yetu.